SINDANO MKONONI, MANENO PEMBENI: YALIYOJIRI KLABU YA KUDARIZI

Mimi kama kawaida yangu nimekuja na habari za klabu yetu ya kudarizi, ile ya pale Magomeni ambayo mnaiulizia kila tunapobanana kwenye daladala. Wapo wanaotaka kujua yule dada wa foronya ameishia wapi. Wapo wanaouliza kama yule kaka bado anashona kofia au ameshakimbia maneno ya kijiweni. Leo nawapa yote, moja baada ya jingine, bila chenga.

Kwa wageni wa safu hii niseme kidogo. Hii ni klabu, si kilabu cha pombe! Tuko kumi na mmoja, wanawake wanane na wanaume watatu. Tunakutana kila Jumamosi saa kumi jioni barazani kwa bibi mmoja, kila mtu na sindano yake, uzi wake na maneno yake. Chai ni kwa zamu. Na msituchanganye na wale wanaofuma vitambaa vya makochi. Anayefuma anaanza na uzi mtupu mpaka anapata kitambaa. Anayedarizi kitambaa anacho tayari, kazi yake ni kukiwekea maua, majina au mapambo juu yake. Umenipata? Haya, twende.

FORONYA ZA MAHARUSI ZALETA KIZAAZAA

Tuanze na dada wa foronya, maana huyu ndiye mwenye mkasa wa mwezi. Alipewa kazi na familia moja ya huko Tabata: shuka mbili na foronya nne kwa ajili ya binti yao anayeolewa. Si mnazijua zile shuka za darizi? Zile ambazo bibi harusi anaingia nazo kwake, foronya moja imeandikwa "Lala Salama" na nyingine "Mpenzi Wangu", pembeni maua mawili na ndege wanapigana busu. Mama zetu wengi waliolewa na mzigo wa namna hiyo kwenye sanduku.

Sasa hii familia haikutaka "Lala Salama". Ilitaka majina, la binti upande mmoja na la bwana upande wa pili, katikati kopa jekundu. Dada wa watu akakaa kitako, akadarizi majina kwa mshono wa mnyororo, herufi zimelala vizuri kama zimeandikwa na mwalimu. Zikiwa zimebaki wiki mbili, simu ikalia. Ni binti mwenyewe, kwa sauti ya chini: "Dada, samahani, lile jina la bwana unaweza kulifumua?"

Msomaji, posa ilikuwa imevunjika! Na kama hiyo haitoshi, siku tisa baadaye simu ikalia tena. Jina jipya lilikuwa limepatikana. Barazani tulicheka mpaka bibi akatugombeza. Lakini kufumua si mchezo jamani. Unageuza kitambaa kwa nyuma, unakata uzi kidogo kidogo kwa ncha ya mkasi, unavuta taratibu. Ukiwa na papara unatoboa shuka. Na hata ukimaliza, vitundu vya sindano vinabaki vinakuangalia. Inabidi uloweke, uanike, upige pasi ya moto mpaka nyuzi za kitambaa zirudiane.

Dada amemaliza, harusi imepita salama, na kazi ya kufumua alilipwa. Tangu siku hiyo ana msemo wake: maua hayavunji uchumba. Mteja akitaka majina, anamshauri adarizi maua kwanza, majina yasubiri mpaka maharusi watoke msikitini au kanisani.

KAKA WA KOFIA NA VIJANA WA KIJIWENI

Yule kaka wetu, fundi redio wa mchana na mshona kofia wa usiku, bado yupo. Tena sasa anashona hadharani! Ni hivi: washkaji wa kijiweni kwao walimwona na sindano wakaanza kumwita "shangazi". Akipita, "Shangazi, shikamoo!" Alikaribia kuacha. Jumamosi mbili hakuonekana klabuni kabisa, na tulipompigia akasema ana mafua.

Bibi wetu, mwenye baraza, alipopata ukweli alimwita akamkalisha. Bibi ana asili ya Unguja, na alimwambia kitu ambacho mimi nataka kila kijana wa mjini akisikie. Kofia ya vito haijawahi kuwa kazi ya kike peke yake. Visiwani na Pwani yote, toka Unguja mpaka Lamu, wanaume kwa wanawake wameishona miaka nenda miaka rudi. Kofia hiyo ina vipande viwili, duara la juu na mzunguko wa pembeni. Kitambaa cheupe kinachorwa ua, kinatobolewa vitundu vidogo vidogo, kila kitundu kinazungushiwa uzi mpaka kinasimama. Ikiisha inafuliwa, inatiwa wanga, inakaa kichwani imesimama kama taji. Kofia moja nzuri inaweza kula wiki nyingi za mtu. Ndugu zetu wa Oman nao wanavaa kofia ya namna hiyo na kuiita kumma, na undugu wake na kofia ya Unguja uko wazi, kwani kwa muda katika karne ya 19 Unguja na Muscat zilikuwa chini ya sultani mmoja.

Ukivuka mpaka kwenda Uganda, mwanamume wa Kiganda akienda kutoa mahari anavaa kanzu yenye darizi ya rangi ya damu ya mzee shingoni na kifuani. Sasa wewe unayemwita mwenzio shangazi, kanzu ya babu yako ilidariziwa na nani?

Na mimi nikamwongezea kaka habari za mbali. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, kanisa kuu la St Paul's kule London lilipata kitambaa cha madhabahu kilichodariziwa na wanajeshi majeruhi, ambao walifundishwa sindano ili mikono na akili zao zipate nafuu. Ilikuwa 1919. Nyingine ndiyo kali zaidi. Mwaka 1941 afisa mmoja wa Kiingereza, Meja Alexis Casdagli, alitekwa na Wajerumani. Kambini akadarizi kitambaa cha mishono ya msalaba, kina nembo na tarehe, na pembezoni kimezungukwa na vidoti na vistari. Wajerumani wakakipenda, wakakitundika watu wakione! Kumbe vile vidoti na vistari vilikuwa alama za simu ya upepo. Mstari mmoja ulimwombea mfalme wa Uingereza, na mwingine ulikuwa tusi zito kwa Hitler, la nguoni kabisa. Jamaa wanalitazama kila siku na hawajui. Mnaona sindano ilivyo silaha?

Kaka alicheka siku hiyo mpaka akasahau mafua. Wiki iliyofuata alibeba kofia yake mpaka kijiweni, akakaa, akashona. Walimcheka siku mbili. Siku ya tatu mmoja wao akamwuliza kwa upole, "Oya mshikaji, hiyo unaweza kunifanyia ya Idi?" Oda ya kwanza hiyo. Shangazi amekuwa fundi.

MTEJA ALIYETAKA BEI YA MASHINE

Sasa habari nzito. Mwenzetu mmoja, mama wa watoto watatu ambaye mumewe alifariki, alipata oda ya seti sita za mashuka ya darizi. Makubaliano yalikuwa shilingi 70,000 kwa seti, kwa mdomo tu. Kwa miezi mitatu mama huyu alilala saa saba za usiku. Pesa hiyo ilikuwa na kazi yake: bintiye alitakiwa kulipa ada ya chuo cha ufundi, na tarehe ya mwisho ilikuwa inakaribia.

Siku ya kuchukua mzigo, mteja akazigeuzageuza zile shuka, akasema, "Mbona Kariakoo za mashine ni rahisi? Nakupa 40,000 kwa seti, hutaki basi." Mama akatuletea kilio barazani. Wengine walisema achukue, mtoto asome. Wengine walisema asikubali. Ikawa kelele.

Basi tukachukua karatasi tukapiga hesabu, na wewe msomaji ifuate. Bafta na uzi vilimgharimu 25,000 kwa seti, yaani 150,000 kwa zote sita. Kila seti ilimchukua kama saa 40, jumla saa 240. Kwa bei ya makubaliano angepata 420,000. Toa vifaa, inabaki 270,000. Gawa kwa saa, ni shilingi 1,125 kwa saa moja. Kwa bei ya mteja angepata 240,000. Toa vifaa, inabaki 90,000, yaani shilingi 375 kwa saa! Kwa macho, kwa mgongo, kwa usiku mzima. Kelele zilikatika palepale.

Mimi siichukii mashine. Mashine ya kudarizi haikuja jana, kwani Mswisi Isaak Gröbli aliitengeneza ile inayoitwa Schiffli tangu 1863, na vitu vyake ni bomba kwa bei yake. Ila usininunulie embe ukalipa bei ya dagaa. Kama hujui kutofautisha, geuza kitambaa nyuma. Kazi ya mashine mara nyingi ina uzi wa pili upande wa nyuma, na pengine mabaki ya karatasi iliyoshikilia kitambaa. Mishono yake imelingana kama askari wa gwaride. Kazi ya mkono utaona rangi zilezile za mbele, na mahali fundi alipoanzia na kumalizia uzi.

Mama alikataa 40,000, na mteja akaondoka mikono mitupu na maneno mengi. Ada je? Klabu ina kibubu, kila mtu anatia 2,000 kila Jumamosi. Tulikivunja tukamkopesha 200,000, binti akaripoti chuoni kwa wakati. Seti tatu zimeshauzwa kwa familia nyingine yenye harusi, 75,000 kila moja, na mkopo ameurudisha wote. Tatu bado ziko kabatini zinasubiri mwenye macho.

Sheria mpya ya klabu imepitishwa siku hiyohiyo: hakuna oda ya mdomo. Bei iandikwe, mchoro uonyeshwe, tarehe iwekwe, na nusu ya pesa itangulie kabla uzi haujaingia kwenye tundu la sindano. Mteja atakayenuna, anune mapema.

BIBI NA JICHO JIPYA

Ya mwisho ni ya bibi yetu. Mtakumbuka nilisema hapa kwamba siku hizi tunamtungia uzi kwenye sindano. Kumbe alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na hakumwambia mtu. Alikuwa anadarizi kwa kupapasa. Mjukuu wake alimpeleka hospitali, akafanyiwa upasuaji wa jicho la kulia, na jicho likafunguka.

Jumamosi aliyorudi alituomba tumletee kazi zake za miaka miwili iliyopita. Akazitandaza mapajani, akaziangalia moja moja, kimya. Sisi tukasubiri. Halafu akainua kichwa: "Wajukuu zangu, na mlikuwa mnaniambia nzuri!" Waridi lilikuwa la kijani, majani mekundu. Hatukuwa na la kusema. Alicheka mwenyewe, akaagiza mkasi, na sasa anafumua na kudarizi upya, uzi anatunga mwenyewe. Jicho la pili litafanyiwa baadaye.

Kwa hiyo vijana, ukiona mzee wako anasogeza kitu karibu na pua, au anakwambia taa za siku hizi hazina mwanga, usimcheke. Mpeleke akapimwe.

KWA ANAYETAKA KUANZA

Nunua robo ya bafta, fremu ya mviringo, sindano yenye tundu refu na uzi wa kudarizi. Uzi huo una nyuzi sita ndani yake, zitenganishe utumie mbili tu. Usikate uzi mrefu kuliko mkono wako, utajifunga mafundo. Rangi nyekundu ipime kwanza kwa pamba nyeupe iliyolowa. Pamba ikichafuka, uzi huo utaharibu shuka. Nawa mikono, hasa kama umetoka kula chipsi!

Kwa leo naishia hapa. Wiki ijayo nitawaambia nani ameshinda ile kesi ya kuiba mchoro wa tausi, maana wanaotuhumiwa ni wawili na wote wanakaa benchi moja. Panapo majaaliwa, tukutane.