Uso wake ulihifadhiwa, kazi yake ikasahauliwa

Msomaji, bila shaka unaijua ile plasta nyeupe anayofungwa mtu aliyevunjika mguu. Lakini je, wajua kwamba plasta ya aina hiyo imehifadhi nyuso za watu kwa zaidi ya miaka 100?

Katika jumba la makumbusho la Rodin jijini Paris, Ufaransa, pana kichwa cha plasta cha mwanamke kijana. Kando yake umetokeza mkono mkubwa wa mwanamume. Ni kazi ya Auguste Rodin, mchonga sanamu aliyesifika duniani kote. Uso ni wa Camille Claudel. Mkono ulitolewa katika sanamu nyingine kabisa ya Rodin, ile ya raia wa mji wa Calais.

Iliwezekanaje? Fundi hufinyanga kwanza kwa udongo. Kwa kuwa udongo ukikauka hupasuka, hutengenezewa kalibu, na plasta iliyokorogwa kwa maji ikamiminwa ndani. Muda si mrefu huwa ngumu. Nakala za plasta zaweza kukatwa na kuunganishwa apendavyo fundi, kabla ya kutengeneza sanamu ya shaba au marumaru.

Mwanafunzi aliyekuwa fundi

Camille alizaliwa mwaka wa 1864. Alipokwenda Paris kusomea sanaa, chuo cha sanaa cha serikali hakikuwapokea wanawake. Kiliwafungulia mlango mwaka wa 1897. Akajifunza katika chuo cha kibinafsi, kisha akaingia karakana ya Rodin.

Wawili hao walipendana, ingawa Rodin alimzidi kwa miaka 24. Rodin aliuazima uso wake kwa sanamu kadhaa, na pia akamwachia afinyange mikono na miguu ya sanamu zake. Camille naye alimfinyanga Rodin, na kichwa hicho cha shaba kikaonyeshwa Paris mwaka wa 1892.

Walipoachana, mambo yakaharibika. Shaba na marumaru ni ghali, na Camille hakuwa na wateja wa kutosha. Akaanza kumshuku Rodin kwamba anamwibia, hata akavunjavunja kazi zake mwenyewe.

Mwaka wa 1913, siku chache baada ya babake kufariki, jamaa zake walimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili. Mwaka wa 1920 daktari alipendekeza arudi kwa jamaa zake. Mamake akakataa. Camille aliishi hospitalini miaka 30, hadi kifo chake mwaka wa 1943. Mabaki yake yaliishia katika kaburi la pamoja.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Camille alituzwa akiwa kaburini: mwaka wa 2017 jumba la makumbusho lenye jina lake lilifunguliwa katika mji wa Nogent-sur-Seine, alikoishi utotoni.

Basi mzazi, siku utakapowapeleka watoto kutazama sanamu, usiwaulize tu, "Huyu ni nani?" Waulize pia, "Naye alifanya kazi gani?"