Je, Wajua? Bakteria Huwasha na Kuzima Jeni kwa Kusokotoa DNA

Bakteria aitwaye Escherichia coli, mkaazi wa matumbo yetu, ana urefu wa takriban milimita 0.002. DNA yake, duara moja lenye jozi za herufi milioni 4.6, ikinyooshwa hufikia karibu milimita 1.5. Haienei humo bila kujikunjakunja. Lakini mikunjo hiyo haiokoi nafasi tu, bali pia huamua jeni zipi zifanye kazi na zipi zinyamaze.

Shika kamba ya nyuzi mbili, uisokotoe kinyume na ilivyosokotwa bila kuachia ncha. Itajipindapinda, na nyuzi zake zitakuwa tayari kuachana. DNA ya bakteria huishi katika hali hiyo.

Fundi wake ni kimeng'enya kiitwacho jairesi, alichokigundua Martin Gellert na wenzake nchini Marekani mwaka 1976. Jairesi hukata nyuzi zote mbili za DNA, hupitisha kipande kingine cha DNA hiyohiyo kwenye mwanya, kisha huziunga tena. Kila inapofanya hivyo, misokoto miwili hupungua, na gharama yake hulipwa kwa ATP, nishati ya seli. Anayeipinga ni topoisomerasi I, ambayo huirudisha misokoto isije ikapungua kupita kiasi.

Jeni haisomwi mpaka nyuzi ziachane pale inapoanzia, mahali paitwapo promota. DNA iliyosokotolewa hufunguka kwa nguvu kidogo. Ila promota hazifanani: nyingine hutaka DNA iliyosokotolewa sana, nyingine huamka pale hali hiyo inapopungua. Jeni za jairesi yenyewe ni za kundi la pili. Kazi yake ikilegalega, jeni hizo huongeza kasi na jairesi zaidi hutengenezwa. Kwa njia hii seli hujirekebisha yenyewe. Katika E. coli, jeni zaidi ya 300 zimeonekana kubadilika DNA inapopoteza hali yake ya kusokotolewa.

Kwa kuwa jairesi hutegemea ATP, njaa ya seli husomeka moja kwa moja kwenye DNA. Nishati ikishuka, jairesi hupunguza kasi, na jeni za ribosomu, ambazo kazi yake hula nishati nyingi, hupoa. Chumvi nayo ina athari yake. Mwaka 1988 Christopher Higgins na wenzake walionyesha kwamba mazingira yakizidi chumvi, DNA ya bakteria husokotolewa zaidi, na jeni za proU huwaka. Jeni hizo huunda protini zinazoingiza betaini, kemikali inayoisaidia seli isipoteze maji.

Binadamu hana jairesi, na hapo ndipo dawa ya siprofloksasini inapopenyea. Huinasa jairesi ikiwa imeshakata DNA na kuizuia isiiunge. Vipande vilivyokatika huzidi uwezo wa seli kuvirekebisha, na bakteria hufa. Lakini badiliko dogo kwenye jeni ya gyrA, likibadilisha asidi amino ya 83 katika protini ya jairesi, hutosha kuifanya dawa ishindwe kushika vizuri, huku jairesi ikiendelea na kazi yake. Ndiyo maana wataalamu wanaofuatilia usugu wa bakteria kwa dawa hii huchunguza eneo hilo.