Mlandege Hadi Kariakoo: Ndege au Boti?

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume, Unguja, hadi ule wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, ni kilomita kama 73 kwa mstari ulionyooka. Viwanja hivi viko karibu sawasawa kaskazini na kusini, na rubani anavuka kwa dakika 15 hadi 20 tu. Watu wakisikia hesabu hiyo hudhani safari imekwisha. Haijakwisha.

Ndege ndogo aina ya Caravan, zile za abiria kumi na kitu, huenda kama kilomita 300 kwa saa. Ndege ya jeti ina mbio zaidi ya mara mbili, lakini katika njia hii haiokoi muda wa maana, maana kabla haijafika kimo chake cha kawaida imeshaanza kuteremka. Ratiba nayo huandika dakika nyingi zaidi, kwa kuwa huhesabu tangu ndege inapoanza kusogea maegeshoni hadi inaposimama upande wa pili.

Sasa mchukue mwenye duka wa Mlandege, mjini Unguja, anayefuata mzigo Kariakoo. Atapanda daladala ya 505 mpaka uwanjani, kilomita chache kusini ya mji, naye anatakiwa awepo mapema, tuseme saa nzima kabla. Akishuka Dar bado ana zaidi ya kilomita kumi za Barabara ya Nyerere, na foleni yake kila mtu anaijua. Jumla inakaribia saa tatu. Boti iendayo kasi huchukua kiasi cha saa mbili, lakini bandari ya Malindi anaifikia kwa miguu, na upande wa pili anashuka katikati ya jiji, Kariakoo iko jirani. Zaidi ya hayo, ndege ndogo kwa kawaida humruhusu kilo 15 tu za mizigo. Kwa mfanyabiashara huyu boti ndiyo safari ya haraka, hata kama ndege ndiyo yenye mbio.

Pemba ni habari nyingine. Masafa kutoka Unguja ni kilomita kama 125, ndege huchukua nusu saa, na boti huchukua saa kadhaa katika bahari ambayo wakati wa kusi haina huruma. Mwenye mgonjwa au mwenye msiba asisite hapo.

Na kadiri safari inavyorefuka, ndivyo muda wa kungoja uwanjani unavyopungua uzito. Muscat ni karibu kilomita 3,900, saa tano na zaidi kidogo angani. Wazee wetu walilazimika kungoja upepo wa kusi ndipo majahazi yaelekee Uarabuni, na baharini walikaa wiki kadhaa.

Kwa hiyo, msomaji, unapokata tiketi hesabu muda tangu mlangoni kwako mpaka mlangoni unakokwenda. Kama unakwenda Kariakoo, au kumtazama mgonjwa Muhimbili, nenda bandarini. Kama unaunganisha ndege Dar es Salaam, panda ndege, ila uliza kwanza utashukia jengo gani na utaondokea jengo gani, kwa sababu ndege ndogo na zile za kimataifa hazitumii jengo moja, na kuhama kutoka jengo hadi jengo nako kunataka muda.