Redio ya ridhaa: Antena hupimwa kwenye kompyuta kabla ya kukata waya

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

MKAZI wa Kiseke, wilayani Ilemela, anayetaka kuingia katika redio ya ridhaa hana tena sababu ya kupanda na kushuka mwembe siku nzima akirekebisha waya. Zipo programu za kompyuta zinazokokotoa namna antena itakavyorusha mawimbi kabla haijajengwa.

Redio ya ridhaa ni mawasiliano ya watu binafsi kwa ajili ya kujifunza, si biashara. Kurusha matangazo yake kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na vituo vya nchini hutambulika kwa alama zinazoanza na 5H. Kuchora antena kwenye kompyuta hakuhitaji leseni yoyote.

Programu mbili zinamfaa anayeanza, zote za Windows. EZNEC, ya Mmarekani Roy Lewallen, iliuzwa kwa miaka mingi hadi ilipotolewa bure mwaka 2022. Toleo la kawaida la MMANA-GAL nalo ni la bure.

Zoezi la kwanza liwe dipoli, yaani waya uliokatwa katikati, mahali inapofungwa kebo itokayo redioni. Urefu wake kwa mita hupatikana kwa kugawa 143 kwa masafa. Kwa megahezi 14.1 jibu ni mita 10.14, au mita 5.07 kila upande. Katika programu, waya huandikwa kwa kutaja mahali zilipo ncha zake mbili, pamoja na kimo kutoka ardhini. Kisha huongezwa unene wa waya na masafa.

Hapo ndipo penye utamu. Waya huo ukiwekwa mita 10 juu, mchoro huonyesha nguvu nyingi ikitoka kwa mwinuko wa takriban nyuzi 30, unaofaa kwa nchi za mbali. Ukishushwa hadi mita 5, karibu na kimo cha paa la nyumba ya kawaida, sehemu kubwa ya nguvu huelekea juu angani. Waya ni uleule. Kimo tu ndicho kilichobadilika.

Hata hivyo, kompyuta huamini kila inachoambiwa. Miamba mikavu ya vilima vya Mwanza hupitisha umeme kwa shida, hivyo aina ya ardhi haina budi kuchaguliwa ipasavyo. MMANA-GAL pia hudanganya waya unapokuwa karibu mno na ardhi. Kwa megahezi 7, chini ya mita 8 ni afadhali kutumia EZNEC. Na kwa kuwa waya wenye gamba la plastiki huhitaji kuwa mfupi kidogo kuliko waya mtupu, ukatwe kwa urefu uliokokotolewa, kisha upunguzwe kidogo kidogo huku ukipimwa.

Kitu ambacho programu haikioni kabisa ni nyaya za TANESCO. Antena ifungwe mbali kiasi kwamba hata ikianguka isizifikie.