Nyama ya bahari isiyopenda mukuba

Wasomaji wetu, wengi kati yenu muko na ndugu kule Ubelgiji ao Ufaransa, na siku hizi picha zao zinafika kwa telefone bila kukawia. Mara moja moja mutaona nyuma ya ndugu yule sanduku ya kioo imejaa maji, na ndani yake vitu vya rangi ya zambarau, ya majani na ya machungwa, vinayumba polepole kama maua mu upepo. Mtoto anauliza: ni maua? Baba anajibu: hapana, ni mawe. Wote wawili wamekosa kidogo. Ni matumbawe, na tumbawe ni nyama kabisa, iko na kinywa na tumbo, inakula. Lile jiwe njo nyumba inayojijengea yenyewe kwa chokaa, kila siku kidogo.

Bahari iko mbali na sisi, tunajua. Hata Muanda, fasi nchi yetu inagusa bahari, hautaona miamba ya matumbawe, sababu Mto Kongo unamwaga pale maji matamu na matope mingi sana. Lakini mtu anaweza kufuga nyama hizi mu nyumba yake, hata mbali na pwani, na kazi yake inafanana na kazi ya viwanda vyetu kuliko munavyofikiri. Tena, adui yao mkubwa ni kile kinachotupa sisi bukari: mukuba.

Tuanze na maji. Maji ya bahari iko na chumvi karibu gramu 35 kwa lita moja. Sanduku ya lita 100 inataka basi kilo 3 na nusu. Si chumvi ile mama anatia mu sombe. Ni chumvi iliyotengenezwa juu ya kazi hii, yenye kalsiamu, magnesiamu, potasiamu na vitu vingine kama bahari yenyewe. Na maji ya kuikorogea haitoki mu robine moja kwa moja. Inapita kwanza katika mashini ya osmosi, inayosukuma maji katika ngozi nyembamba ili uchafu na madini ibaki nyuma. Kila siku maji kidogo yanapaa hewani, chumvi inabaki. Hapo wengi wanaharibu kazi: wanaongeza maji ya chumvi. Mama anayepika maharagi anajua vizuri: maji ikipunguka mu sufuria, anaongeza maji, haongezi chumvi tena.

Sasa mufikiri flotasio. Kule munapuliza hewa ndani ya maji yenye unga wa mawe. Mapovu yanashika madini, yanapanda nayo, na povu lile linakusanywa. Wenye kufuga matumbawe wako na mashini ndogo ya namna ileile. Inapiga mapovu madogo madogo mu bomba, mapovu yanashika uchafu wa chakula na mavi ya samaki, yanapanda mpaka kwenye kikombe cha juu. Tofauti ni moja: ninyi munachunga povu, wao wanalitupa. Linanuka vibaya, wala hakuna anayelililia.

Chokaa nayo munaijua, ile maziwa ya chokaa ya kiwandani. Tumbawe linahitaji kalsiamu ya kujengea, miligramu 400 mpaka 450 kwa lita, na maji yenye pH ya 8 na kitu. Katika miaka ya 1970, Peter Wilkens alifundisha watu wa Ulaya kudondosha maji ya chokaa mu sanduku, tone kwa tone, ili kurudisha kile matumbawe yamekula. Tone kwa tone, tunasema. Ukimwaga kopo nzima, pH inaruka na asubuhi unakuta maiti. Tena chokaa inachoma macho. Iwekwe mbali na watoto.

Tufike kwa mukuba. Shirika la Afya Duniani linakubali maji ya kunywa ya mtu yawe na mukuba mpaka miligramu 2 kwa lita. Dawa ya mukuba, ile wanayotia juu ya samaki wenye ugonjwa wa madoa meupe, inafanya kazi kwa kipimo cha karibu miligramu 0.2 tu, na kipimo kile, kinachoponyesha samaki, kinaua konokono, kamba na matumbawe. Na maji ya bahari kuu, mbali na pwani, iko na mukuba chini ya mikrogramu 1 kwa lita, ni kusema mara elfu mbili chini ya yale munayoruhusiwa kunywa. Matumbawe yamezoea hiyo. Sisi tumezaliwa juu ya mukuba, hatuuoni tena.

Kwa hiyo nyumba ya mchimbaji inataka akili zaidi. Tiyo za mukuba na robine za shaba nyeupe ao nyekundu zisiguse maji ya sanduku. Bangili ya mukuba ivuliwe mbele ya kutia mkono. Ule msalaba mdogo wa mukuba tunaopenda kupamba nao nyumba ubaki ukutani, na mtoto asitupe makuta mu maji kwa mchezo. Baba akitoka kazini na vumbi la mawe kwenye vidole, aoge kwanza, kisha asuuze mikono sana, sababu sabuni pia ni sumu. Samaki mgonjwa atolewe, atibiwe mu ndoo yake. Na mawe yaliyowahi kulala katika dawa ya mukuba musiyanunue hata kwa bei ya bure: mawe ya chokaa yanauficha ndani, kisha yanautoa kidogo kidogo.

Hatusemi kwamba mji wa madini hauwezi kufuga matumbawe. Nouméa, kule Nouvelle-Calédonie, ni mji wa nikeli, tanuri zake ziko kando ya bahari. Njo pale daktari René Catala na mke wake walifungua akwariamu mwaka 1956, wakachunga matumbawe hai katika maji yaliyovutwa baharini, na Catala akaonyesha dunia namna matumbawe mengine yanavyowaka rangi chini ya taa ya ultravioleti. Miaka michache kisha, mwaka 1961, Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza njia yake ya mu nyumba: mawe kutoka baharini yenye viumbe vidogo ndani, hewa kidogo ya mapovu, mwanga, basi. Mpaka leo wengi wanaanza na mawe kama yale.

Viumbe vile vidogo njo wafanyakazi wa usiku. Vinageuza sumu ya mavi kuwa kitu kisicho kikali, lakini vinahitaji wiki nne mpaka sita kujipanga. Wakati ule sanduku iko na mawe na maji tu, na majirani wanacheka. Muwaache wacheke. Anayetia tumbawe siku ya pili anatupa pesa yake.

Mwanga unatakiwa saa nane mpaka kumi kwa siku, sababu ndani ya mwili wa tumbawe munaishi mwani mdogo sana unaolipa kodi kwa chakula. Maji ikipita digri 30 kwa siku nyingi, mwani unafukuzwa na tumbawe linakuwa jeupe. Digri 25 ao 26 ni vizuri. Mwezi wa sita na wa saba, na baridi yetu ya usiku, bila mashini ya kupasha moto hamutafika popote. Umeme ukikatika, pampu ndogo ya hewa yenye batri ifanye kazi, sanduku ifunikwe blanketi, na musitie chakula mpaka umeme urudi.

Kununua: muombe vipande vilivyokatwa kwa matumbawe ya kufugwa, si vilivyovunjwa baharini. Matumbawe ya mawe yamo katika orodha ya CITES, hayavuki mpaka bila karatasi. Kwa kuanza muchukue ya nyama laini, hayasumbui sana. Lakini aina za Zoanthus na Palythoa ziko na sumu kali. Muvae kinga za mikono na muchunge macho. Na mawe yenye nyama zile musiyachemshe kamwe ili kuyasafisha: mvuke wake umepeleka familia nzima hospitalini.