Nilichojifunza Kainuk: Wimbo wa mama humtuma kijana vitani, na humrudisha pia

Mwezi uliopita nilikaa Kainuk siku mbili, nikisikiliza wanawake wakiimba. Nilipowaambia watu wa nyumbani kwamba natoka Mombasa kwenda Turkana kwa ajili ya mashindano ya nyimbo za akina mama, wengine walicheka. Mmoja aliniuliza kama harusi za Kibokoni zimekwisha hata niende kutafuta nyimbo huko kwenye jua kali.

Harusi hazijakwisha. Nilialikwa na shoga yangu niliyesoma naye chuoni, ambaye amekuwa mwalimu upande ule kwa miaka mingi. Alinipigia simu akaniambia, "Dada, wewe huandika habari za mipasho na taarab. Njoo uone mahali ambapo wimbo wa mwanamke unaweza kuua mtu." Baada ya maneno hayo sikuweza kubaki nyumbani.

Kwa msomaji asiyepajua, Kainuk ni mji mdogo kusini mwa kaunti ya Turkana, kwenye barabara kuu itokayo Kitale na Kapenguria kwenda Lokichar na Lodwar. Ukitoka Pokot Magharibi unavuka daraja la mto Malmalte, na hapo umeingia Turkana. Bwawa la umeme la Turkwel, lililokamilika mwaka 1991, liko upande huohuo. Kwa hiyo Kainuk ni mlango, na kama ilivyo milango mingi, ndipo panapogombaniwa. Waturkana na Wapokot wamepigania malisho, maji na mpaka hapo kwa miaka mingi. Mwezi Februari 2023, baada ya polisi kuuawa na majambazi kwenye barabara hiyo kati ya Kainuk na Lokichar, serikali ilituma jeshi lisaidie polisi katika operesheni iliyoitwa Maliza Uhalifu. Turkana na Pokot Magharibi zilikuwa miongoni mwa kaunti sita zilizotajwa.

Wimbo unavyomtuma kijana

Sisi wa pwani tukisikia wizi wa mifugo tunafikiria mwizi wa kawaida, mtu anayevizia usiku. Kule jambo lina mizizi mirefu. Kijana akitaka kuoa anahitaji mifugo, na mahari ya Kiturkana si mchezo. Asiye na mifugo hana mke, na asiye na mke bado hajahesabiwa kuwa mtu mzima. Ukame ukipita na kumaliza zizi la baba yake, kijana anatazama zizi la jirani.

Zamani walikwenda na mikuki. Mwaka 1979 serikali ya Idi Amin ilipoanguka Uganda, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa, bunduki zikaenea kwa wafugaji wa Karamoja na kuvuka mipaka. Uvamizi uliokuwa ukiua watu wachache ukaanza kuua wengi.

Wimbo unaingia hapo. Kijana akirudi na ng'ombe, wanawake hutoka kumpokea. Wanamtaja kwa jina, wanalitaja jina la fahali wake, wanaitaja mbari yake. Akirudi mikono mitupu wanamwimbia pia, lakini wimbo huo hakuna mwanamume anayetaka kuusikia. Anaitwa mwanamke, anaulizwa kama mamake alizaa bure. Wasichana wa rika lake wanausikia. Kijana wa miaka kumi na tisa aliyeimbiwa hivyo mbele ya wasichana, siku ya pili utamkuta wapi? Ameshika njia na bunduki.

Upande wa Wapokot mambo hayako mbali na hayo. Kuna mkanda unaoitwa leketyo, ambao mama huuvaa kiunoni anapokuwa mjamzito. Mwanawe akienda vitani, mama huufunga mkanda ule uleule kuwa kinga yake. Lakini mama akiuvua na kuulaza chini mbele ya vijana wanaoondoka, hawauruki. Kuuruka ni kujitakia laana. Kwa hiyo mkanda mmoja hulinda safari ya vita na pia huizuia, kutegemea mama ameamua nini.

Siku ya mashindano

Mkutano uliandaliwa na akina mama wenyewe wakisaidiwa na machifu na watu wa kanisa. Hapakuwa na jukwaa wala maikrofoni. Palikuwa na uwanja wa vumbi, miti michache ya miiba, viti vya plastiki vya waamuzi watatu, na zawadi ya mbuzi waliofungwa kando wakitazama kila kitu. Vikundi vilikuwa na wanawake kumi hadi ishirini. Sharti lilikuwa moja: kila kikundi kilete wimbo wa zamani wa kusifu uvamizi, na kiuimbe upya kwa maneno ya kumzuia kijana asiende.

Sikuona ngoma hata moja. Mtu wa pwani huona ajabu, maana sisi bila ngoma, zumari au vugo tunahisi shughuli haijaanza. Pale ala ni mwili. Mmoja anaanza kwa sauti ya juu, nyembamba na kali, na wengine wanaitikia kwa sauti nzito ya pamoja. Makofi yanaingia, kisha miguu, kisha wanaruka, na shanga zilizojaa shingoni zinapanda na kushuka kwa mpigo uleule. Kiongozi akibadilisha maneno, waitikiaji hawabadilishi kitu. Wanamshikilia kama ukuta. Ndiyo maana kuibadilisha nyimbo ile kuliwezekana. Kiitikio kilibaki kile ambacho kila mtu amekijua tangu utotoni, na maneno mapya yakapita ndani yake.

Kikundi kutoka upande wa Pokot kilitarajiwa saa tatu asubuhi. Saa nne ilipita, saa tano ikapita. Watu waliacha kuzungumza juu ya nyimbo, wakaanza kutazama barabara ya darajani. Shoga yangu aliniambia kwa sauti ndogo kwamba wasipokuja leo, kesho kila upande utakuwa na hadithi yake kuhusu kwa nini hawakuja. Wakati wa adhuhuri nilijitenga chini ya mti nikasali safari yangu, adhuhuri na alasiri pamoja. Mama mmoja aliniletea maji ya udhu katika kopo, na maji pale si kitu cha kumwaga. Nilitumia kidogo, nikamrudishia mengine.

Walifika karibu saa nane, kumi na wawili, wamejaa vumbi. Gari lao liliwaharibikia njiani. Kwa ratiba ilikuwa waimbe mwisho, lakini mama mmoja mzee wa Kiturkana alisimama akasema kwa Kiswahili, ili wote wasikie, "Mgeni haimbi akiwa na njaa, na haimbi mwisho." Wakapewa chai, wakaitwa mbele.

Waliimba kwa Kipokot. Waturkana wengi waliokuwa pale hawakuyafahamu maneno. Lakini kufikia kiitikio cha tatu nilisikia makofi yakitoka upande wa pili wa uwanja, machache kwanza, halafu mengi. Kiongozi wao alipovua leketyo na kuilaza kwenye vumbi, hakuna aliyehitaji tafsiri. Makofi yalisimama yote kwa pamoja.

Ushindi ulikwenda kwa kikundi cha Waturkana, wageni wakawa wa pili. Malalamiko hayakukosekana. Kuna waliosema waamuzi wamependelea, na nikajua hapo kwamba niko kwenye mashindano ya kweli.

Nani anaruhusiwa kuimba

Msidhani jambo hili ni la wafugaji tu. Marekani kuna mtindo wa kuimba unaoitwa barbershop, yaani duka la kinyozi, ambapo sauti nne huimba pamoja bila ala: moja hubeba wimbo, moja hukaa juu yake, moja chini kabisa, na ya nne hujaza pengo linalobaki. Mwaka 1945 wanawake katika mji wa Tulsa walianzisha chama chao, Sweet Adelines, na hadi leo hukutana kila mwaka kushindana mbele ya waamuzi. Ni akina mama wa kawaida, walimu, wauguzi na wake wa nyumbani.

Mwaka 1958 chama hicho kilipitisha kanuni kwamba wanachama wawe wazungu peke yao. Hayo yalifanyika ingawa watafiti wamekuja kuonyesha kwamba mtindo huo una mizizi kwa Wamarekani weusi. Mwaka 1959 baadhi ya vikundi vilikataa, vikajitoa na kuunda chama kingine, Harmony, Inc. Kanuni ile ilikuja kuondolewa mwaka 1966. Unaona basi: hata palipokuwa hakuna bunduki wala ng'ombe, swali la nani asimame nasi tuimbe pamoja liliwagawa watu. Kainuk swali ni lilelile, ila anayekosea jibu anaweza kuzika mtoto.

Na sisi je?

Nyanya yangu alikuwa mtu wa lelemama. Vijana wa leo hawajui uzito wa neno hilo. Enzi za ukoloni Mombasa ilikuwa na vyama vya lelemama vya wanawake, vikiwa na vyeo, sare na uhasama wake. Ibinaal Watan na Banu Saada ndivyo vilivyovuma zaidi. Walishindana kwa mavazi, kwa karamu, na zaidi kwa maneno. Aliyefanya aibu mtaani alijua kwamba usiku wa ngoma jambo lake litatajwa kwa mafumbo, na kila mtu atafahamu. Baadhi ya wanawake waliopitia vyama hivyo ndio waliojitokeza miaka ya 1950 katika vyama vya wanawake Waislamu vilivyopigania elimu ya mtoto wa kike. Unguja, Siti binti Saad, aliyerekodi sahani Bombay mwaka 1928, aliimba habari za mauaji na za mahakama iliyowaonea wanyonge. Wimbo wa mwanamke ulikuwa gazeti, na ulikuwa baraza la hukumu.

Najua wapo watakaoniuliza hukumu ya mwanamke kuimba mbele ya wanaume. Hilo nawaachia masheikh. Ninalouliza mimi ni jingine: tukiwa ndani kwetu, wanawake kwa wanawake, tunamsifu nani?

Hatumtumi kijana akaibe ng'ombe. Lakini nimekaa kwenye shughuli nikaona kijana asiyejulikana kazi yake akimwaga noti, na sisi tukapiga vigelegele, tukamwimbia yeye na mamake. Pembeni yupo mwenzake anayeuza viazi karai, anamlisha mamake kwa halali, na hakuna aliyemtaja. Yule mdogo wao anayetazama dirishani amejifunza nini? Kisha tunalia magenge ya vijana wenye mapanga yakituvamia Kisauni na Likoni, na tunalia unga wa dawa za kulevya unapomaliza watoto wetu. Tunauliza serikali iko wapi. Ni haki yetu kuuliza. Lakini serikali haikuwa pale tulipokuwa tunapiga vigelegele.

Wimbo hauzuii risasi

Sitaki kuwapakia sukari. Akina mama wa Kainuk wenyewe hawasemi wimbo unatosha. Mifugo inayoibwa siku hizi mingine hupakiwa lori ikauzwe mjini, na mfanyabiashara anayeinunua hasikilizi wimbo wa mtu. Mpaka bado una mgogoro, ukame haumngoji mtu, na bunduki bado zipo. Mama mmoja aliniambia waziwazi, "Wimbo hauzuii risasi, dada. Wimbo unazuia ile asubuhi ya kuondoka."

Jioni ya siku ya pili nilikaa karibu na mama mwingine ambaye hakuimba siku zote mbili. Alikuja, akakaa, akasikiliza. Nilimuuliza kama sauti yake imeharibika. Akasema hapana, zamani yeye ndiye alikuwa kiongozi wa waimbaji kijijini kwao. Kisha akanyamaza kwa muda, nami sikumharakisha. Akasema kwamba mwanawe wa kwanza alikwenda na wenzake na hakurudi. "Waliniambia ni watu wa ng'ambo waliomuua. Ni kweli. Lakini asubuhi ile mimi ndiye niliyemwimbia."

Sikuwa na la kumjibu. Nilimshika mkono, tukakaa hivyo mpaka shoga yangu alipokuja kuniita.

Mwisho wa mwezi huu kuna harusi mbili mtaani kwetu, nami nimealikwa zote. Nitakwenda inshallah, nitakaa mbele nilipozoea. Wale wanaojua kutunga, nimewaomba kitu kimoja tu: yule kijana wa viazi karai atajwe kwa jina, na jina la mamake.