Ulimi Mzito, Lugha Nzima: Neva na Matamshi ya Kiswahili

Mgonjwa anayetamka "mama" pale alipokusudia "baba" hudhaniwa upesi kuwa amechanganyikiwa. Huenda akili yake ni timamu na lugha yake haina dosari. Kilicholegea ni kaakaa laini tu. Neva inayoliinua ikidhurika, hewa huvuja puani, na sauti /b/ hukaribia kuwa /m/, /d/ kuwa /n/: bega husikika kama mega, dawa kama nawa.

Hali hiyo huitwa disatria, nayo yapasa kutengwa na afasia. Mgonjwa aliyechunguzwa na Paul Broca mjini Paris mwaka 1861 alikuwa hatamki karibu lolote ila silabi "tan", ijapokuwa aliweza kuusogeza ulimi wake. Kilichoharibika ni ubongo, sehemu ya mbele upande wa kushoto. Mwenye disatria pekee, kinyume chake, huyapata maneno yote. Akipewa kalamu, maadamu alisoma na mkono wake ni mzima, huandika sawasawa.

Katika jozi 12 za neva za kichwa, ya 7 huendesha midomo, na ya 12 ulimi. Ya 10 ina matawi: moja huinua kaakaa, jingine hushuka hadi chini ya shingo, upande wa kushoto hata kifuani, ndipo lirudi juu kwenye nyuzi za sauti, likipita nyuma ya tezi ya shingo. Ndiyo maana upasuaji wa rovu waweza kumwachia mtu sauti ya kukwaruza.

Neva iliyobanwa bila kukatika mara nyingi hupona baada ya wiki au miezi. Katika muda huo, kupuliza mishumaa hakutoshi: atakaye kusema hana budi kuzoezwa kusema, polepole, silabi kwa silabi. Na kwa maneno gani? Orodha za Kifaransa zimejaa irabu za puani na silabi funge. Mkazi wa Lubumbashi anayeshindwa kutamka "rue" huenda ameshindwa na Kifaransa, wala si na neva. Orodha ya Kiswahili ingeanza na silabi wazi, ipitie jozi kama bali na mali, kisha ifikie sentensi kamili, ambamo upatanisho wa ngeli humsaidia msikilizaji. Asemaye "kikombe changu kimevunjika" ameitaja ngeli mara tatu. Neno la kwanza likififia, mawili yaliyosalia bado huielekeza.